Mkanda Ulioendelea Kuzunguka

Kila asubuhi Yayeri huchemsha chai, humimina vikombe viwili, kisha hukaa kizingitini kufunga kamba za viatu vyake. Mama yake, Injinia Kemigisha, hunywa chai akiwa amesimama, simu sikioni, viatu vizito vya kazini tayari miguuni. Wakimaliza hutoka pamoja. Kwenye njia panda Yayeri hushika njia ya shule, na mama yake huendelea hadi kiwanda cha kahawa kilicho nje kidogo ya mji wa Bwera.

Mwaka ule kiwanda kilikuwa kinabadilishwa. Zamani wanaume walibeba magunia mgongoni hadi kwenye kinu cha kukoboa, na wanawake walikaa sakafuni katika vumbi, wakichambua punje moja moja. Sasa ilikuwa inafungwa mitambo ya kujiendesha. Mkanda mrefu wa mpira ungebeba kahawa kutoka ghalani hadi kwenye kinu kipya, halafu uipitishe mbele ya wachambuzi, ambao wangesimama kando yake wakiondoa mawe na punje mbovu. Vifaa vidogo vya kuhisi vingepima wingi wa kahawa na kuuamuru mkanda uongeze au upunguze mwendo.

Kemigisha ndiye aliyeusimamia mradi huo. Katika ofisi yake kulikuwa na ubao mkubwa uliojaa kadi, kila kazi na kadi yake. Nyekundu ilikuwa ya kazi iliyokwama, njano ya kazi inayoendelea, na kijani ya kazi iliyokamilika na kujaribiwa. Kila wiki aliwakusanya mafundi mbele ya ubao huo wakaulizana nini kimefanyika na nini kimechelewa.

"Kadi haiwi kijani kwa maneno," aliwaambia. "Iwe kijani baada ya mimi kuona kwa macho."

Lakini mradi ulikuwa nyuma ya mpango. Mvua ilikata barabara na mota ya mkanda ikachelewa kufika. Msimu wa kahawa nao haukungoja. Wakulima wa Karambi walileta magunia kila siku mpaka ghala likajaa, na mengine yakapangwa uani chini ya maturubai. Mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Semakula, alipiga simu kutoka Kampala asubuhi na jioni. Uzinduzi ulikuwa umetangazwa: Jumatatu, mbele ya wageni. Nyumbani Kemigisha alikuwa hamalizi hata sahani moja ya chakula.

Alhamisi kabla ya uzinduzi, darasa la saba la shule ya Yayeri lilikaribishwa kuona mtambo ukijaribiwa. Fundi wa umeme aliyeitwa Bright, kijana mcheshi, ndiye aliyewaongoza.

"Mnaona mstari huu wa njano sakafuni?" Bright alisema kwa sauti kubwa ili asikike juu ya mngurumo. "Hakuna anayeuvuka, hata mwalimu wenu. Na ile kamba nyekundu iliyofungwa kando ya mkanda, kipande kwa kipande, kila kipande na swichi yake, ni kamba ya usalama. Mtu akinaswa nguo au mkono, anaivuta, na mkanda unasimama papo hapo."

Yayeri aliyajua hayo yote. Alikuwa ameyasikia nyumbani mara nyingi, na tangu wafike hapo alikuwa akimnong'oneza rafiki yake Yvette kila kitu kabla Bright hajakisema. Yvette alianza kuchoka. Mama yake, Marie-Louise, alikuwa mmoja wa wachambuzi. Walikuwa wamevuka mpaka wa Mpondwe kutoka upande wa Beni, Kongo, wakati Yvette akiwa mdogo.

"Unajua maneno tu," Yvette alimwambia. "Hujawahi hata kuigusa hiyo kamba."

"Naweza kuigusa sasa hivi."

"Huwezi."

Bright alikuwa amewageukia wengine, akiwaonyesha sanduku la swichi lililokuwa mwisho wa chumba. Yayeri alitazama kushoto na kulia, akauvuka mstari wa njano kwa hatua moja, akaishika ile kamba na kuivuta kwa nguvu.

Mkanda haukusimama. Uliendelea kuzunguka vilevile, ukipita mbele ya kifua chake kwa kasi, upepo wake ukimpuliza usoni. Aliivuta tena. Hakuna kilichobadilika. Akarudi nyuma ya mstari haraka.

Yvette aliziba mdomo kwa kiganja akicheka. "Kumbe ni kamba ya kuanikia nguo!"

Yayeri naye alicheka. Kwanza alifurahi kwamba hakuna mtu mzima aliyemwona. Ni walipokuwa njiani kurudi shuleni, kicheko kilipokwisha, ndipo wazo lilipomjia. Kamba ya kusimamisha mkanda haikuusimamisha mkanda.

Jioni hiyo alimngoja mama yake. Alikuwa amejiandaa kusema, lakini Kemigisha aliingia akiwa bado anazungumza na mkurugenzi kwenye simu. "Ndiyo, bwana. Jumatatu. Nimekwisha kusema Jumatatu." Alipokata simu alikaa kitini, akafumba macho.

"Mama," Yayeri alianza.

"Leo nimechoka sana, mwanangu. Ni jambo la haraka?"

Yayeri aliona jinsi mambo yatakavyokuwa. Mtoto wa msimamizi wa mradi, ndiye aliyevuka mstari! Nani kiwandani angemheshimu mama yake tena? Na shule isingekaribishwa tena kamwe.

"Hapana, mama," alijibu.

Ijumaa ikapita hivyo, na Jumamosi pia. Yayeri alijiambia kwamba labda hakuivuta sawasawa. Labda kamba haifanyi kazi siku za majaribio. Kila alipojipa sababu mpya alipata nafuu kidogo, kisha mkanda ulirudi machoni pake, ukizunguka.

Jumapili Kemigisha alikwenda Kasese kumpokea mkurugenzi na kuchukua vifaa vilivyobaki. Alimwacha Yayeri kwa akina Yvette. Marie-Louise alifurahi kumpata mgeni. Alipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wa chumvi, na walipokuwa wakila hakuacha kuzungumza juu ya kesho yake.

"Zamani nilikuwa nakaa chini mpaka mugongo inauma," alisema, akijishika kiuno. "Kesho nitasimama kama mutu. Wameniweka mwisho kabisa, pale mukanda inageuka."

"Huogopi, mama?" Yvette aliuliza.

"Niogope nini? Bright alituonesha. Nguo ikinaswa, unavuta ile kamba, mashini inasimama. Basi." Akamwongezea Yayeri samaki. "Kula, mutoto. Mbona hauli?"

Yayeri aliisukuma sahani kando. Aliomba simu ili ampigie mama yake, na Marie-Louise akampa bila kuuliza.

"Yayeri?" Sauti ya Kemigisha ilikuwa ya haraka. Nyuma yake alisikika mwanamume akizungumza kwa ukali. "Kuna nini? Niko na mkurugenzi."

"Mama, ile kamba nyekundu mliijaribu?"

"Tuliijaribu Jumanne. Niliiona mwenyewe ikifanya kazi. Kwa nini?"

Hapo nafasi ya kusema ilikuwa wazi. Yayeri aliinua macho. Marie-Louise alikuwa amesimama mbele yake, akimtazama kwa upole na kungoja simu yake.

"Nilikuwa nauliza tu," Yayeri alisema.

"Sawa. Nitachelewa kurudi. Ukae salama hapo."

Jumatatu asubuhi mawingu mazito yalikuwa yameshuka kutoka milimani. Yayeri alimkuta Yvette kwenye lango la shule, amevaa soksi mpya, uso uking'aa.

"Mama ameondoka mapema sana," Yvette alisema. "Wanawasha mkanda kabla ya hotuba, ili wageni waukute ukizunguka. Amevaa kitenge chake kipya, kile kirefu."

Akilini Yayeri aliliona lile pindo la kitenge. Aliuona mwisho wa mkanda, pale unapogeuka kwenye gurudumu lake la chuma.

"Yvette, ile kamba niliyoivuta Alhamisi. Haikuwa mchezo. Ndiyo hiyo inayotakiwa kusimamisha mkanda."

"Lakini haikusimamisha chochote."

"Ndiyo maana nakwambia. Mama yako anadhani itamsaidia. Haifanyi kazi."

Mng'ao ulimtoka Yvette usoni.

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Na jana ulikula kwetu."

Yvette aliangusha mkoba wake chini na kutimua mbio, na Yayeri akamfuata. Walipita sokoni, wakakata kando ya shamba la migomba, wakafika kwenye lango la kiwanda wakihema. Ndani magari ya wageni yalikuwa yamepangwa mstari, na kutoka jengoni ulisikika mngurumo. Mkanda ulikuwa umekwisha washwa.

Mlinzi wa lango alikuwa Okello, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti nzito. Alinyoosha mkono kuwazuia.

"Simama hapo! Nyinyi nakwenda wapi?"

"Tafadhali, afande, nataka kumwona mama," Yayeri alisema.

"Leo hapana. Wageni iko ndani. Shule iko upande ile. Rudi!"

"Afande, mama yangu yuko kwenye mashine!" Yvette alilia. "Kamba imekufa!"

"Kamba gani?"

Yayeri alijua kwamba akijificha nyuma ya maneno sasa, hatafunguliwa lango. Akasimama wima na kusema yote. "Kamba ya usalama. Alhamisi nilivuka mstari wa njano nikaivuta. Niliivuta mara mbili, na mkanda haukusimama. Sikumwambia mtu yeyote."

Okello alimkazia macho. Kisha alichukua redio yake ya mkononi. "Injinia, Injinia, kuja lango. Sasa hivi. Hapana ngoja."

Kemigisha alitokea akiwa na kofia yake ngumu kichwani, Bwana Semakula nyuma yake akitazama saa. Alipomwona binti yake alisita.

"Mama, nimekosa," Yayeri alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Akayarudia yote, mbele ya mkurugenzi.

"Uliivuta wapi?"

"Katikati, karibu na nguzo."

"Kwa nguvu?"

"Kwa mikono miwili, mama."

"Mimi niliona," Yvette alisema.

Kemigisha aligeuka akakimbia kuelekea jengoni, akipaza sauti: "Bright! Zima! Zima kwenye swichi kubwa! Wachambuzi wote, rudini nyuma ya mstari!"

Mngurumo ulififia ukakoma. Kupitia mlangoni Yayeri aliwaona wanawake wakirudi nyuma kwa mshangao, na miongoni mwao Marie-Louise, mkono mmoja ukiwa umeshika pindo la kitenge chake. Yvette alipenya akamkumbatia kiunoni.

Kemigisha alihakikisha hakuna mtu karibu, akaamuru mkanda uwashwe tena. Kisha akaivuta ile kamba mwenyewe. Mkanda uliendelea kuzunguka. Aliivuta tena kwa uzito wa mwili wake wote. Mkanda uliendelea kuzunguka.

"Zima," alisema kwa sauti ndogo. "Bright, njoo hapa."

Bright alikuja. Alifungua sanduku la swichi na kuonyesha kipande cha waya. "Jumatano kamba ilikuwa imekazwa mno, injinia. Mkanda ulikuwa unasimama wenyewe kila mara. Nikaunganisha waya huu ili majaribio yaendelee, nikasema nitautoa nikishailegeza kamba. Halafu watoto wakaja, halafu vile vihisi vikasumbua. Nikasahau."

"Na hukuniambia."

"Kadi ilikuwa kijani tayari. Sikutaka kuirudisha nyekundu wakati tumechelewa hivi."

Bwana Semakula akaingilia, akishusha sauti ili wageni wasisikie. "Injinia, kosa limejulikana, vizuri. Lakini wageni wako kwenye viti. Muweke mtu mmoja kwenye swichi kubwa kwa leo, na mafundi watengeneze kamba jioni. Ona mawingu hayo. Ona magunia uani. Unataka kahawa ya watu iharibike?"

Yayeri alimtazama mama yake. Aliyaona macho yake yakienda kwenye maturubai uani, yakaenda angani, yakarudi kwa wale wanawake waliosimama nyuma ya mstari wa njano. Ngurumo ya mbali ilisikika kutoka upande wa Rwenzori. Kwa muda Yayeri aliogopa kwamba mama yake atakubali.

"Mtu huyo akigeuza shingo kidogo tu, mkono wa mtu umekwenda," Kemigisha alisema. "Hatuwashi leo, bwana."

"Nitawaambia nini wageni?"

"Mimi nitawaambia. Na kahawa haitaharibika. Kinu cha zamani hakijang'olewa. Tutaanza na magunia yaliyo uani, kwa mikono kama zamani, na yanayobaki tutayaingiza kwenye chumba cha vipuri."

Aliingia ofisini akatoka na ule ubao, akausimamisha mbele ya wageni. Aliiondoa kadi ya kijani ya kamba ya usalama na kubandika nyekundu mahali pake. Kisha akawaeleza, bila kuzungusha maneno, kwamba mradi hauko tayari na kwa nini. Wengine walinung'unika. Wachache waliondoka. Bwana Semakula alisimama pembeni, amekunja mikono. Mvua ilipoanza, yeye naye alivua koti akashika pembe ya turubai.

Siku zilizofuata hawakuitengeneza kamba ile tu. Kemigisha aliagiza kila kipande cha kamba na kila kitufe kijaribiwe upya, na safari hii si na mafundi peke yao. Kila mchambuzi alisimama mahali pake pa kazi na kuivuta kamba kwa mkono wake. Vipande vyote vilisimamisha mkanda isipokuwa kimoja, cha mwisho kabisa, pale mkanda unapogeuka. Marie-Louise aliivuta na mkanda ukaendelea kwa kitambo kabla ya kusimama. Swichi ya hapo ilikuwa imeingiwa na vumbi la kahawa. Bright aliibadilisha hapo hapo, na Marie-Louise akaivuta kamba tena, na tena, mpaka aliporidhika.

Kemigisha hakumfukuza Bright. Alimtaka asimulie mbele ya mafundi wote alichofanya na kwa nini alinyamaza. Kuanzia siku hiyo waya wowote wa muda ulipewa kadi nyekundu saa ile ile ulipowekwa, na kadi haikuondoka mpaka waya uondoke.

Mtambo ulipowashwa hatimaye, hapakuwa na hotuba ndefu. Kahawa ilipanda kwenye mkanda, ikapita kinuni, ikatiririka mbele ya wachambuzi, ikijaza chumba harufu yake.

Yayeri hakuwepo kuiona. Hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu yake. Sehemu nyingine ilikuwa kusimama mbele ya darasa na mwalimu wake na kueleza kosa lake. Iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kwenda nyumbani kwa akina Yvette, pamoja na mama yake, kuomba msamaha.

Marie-Louise aliwapokea mlangoni. Alimsikiliza Yayeri mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Uliogopa kumuletea mama yako aibu," alisema. "Hiyo naielewa. Lakini mimi pia niko mama ya mutu."

Yayeri aliinamisha kichwa. Marie-Louise alimshika kidevu akakiinua. "Ulikuja, hata kama ulichelewa. Ingia, chakula iko."

Yvette alikuwa amekaa pembeni akimenya ndizi, amempa Yayeri mgongo. Lakini baada ya kitambo alisogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Kemigisha alipunguza mwendo.

"Kuvuka mstari lilikuwa kosa la kitoto," alisema. "Ningekukaripia, ungelia kidogo, na kazi ya kutengeneza ingeanza siku hiyo hiyo. Ulichokificha baadaye ndicho kilichokaribia kumwumiza mtu. Bright alificha waya. Wewe ulificha ulichokiona. Na mimi, uliponiuliza kwenye simu, nilisikia kwamba sauti yako haiko sawa. Nilijua kwamba nikikuuliza tena naweza kupata jibu nisilolitaka. Kwa hiyo sikuuliza."

"Wewe pia, mama?"

"Mimi pia. Mpango mzuri na mitambo mizuri havimlindi mtu, kama sisi tulio karibu navyo tunaogopa kusema kilichoharibika. Ukiona hatari, sema, hata kama utalazimika kwanza kutaja kosa lako. Aibu utaizoea na itapita. Mkono uliokatika haurudi."

"Nimeelewa, mama."

"Na nikikwambia nimechoka, uniamshe."